Baba Mkwe na Neno "Futa"

Nilikuwa naanika nepi wakati Mama Pacha, jirani yetu wa mlango wa pili, aliponisogelea na kuninong'oneza kwa ile sauti yake ya siri inayofika mpaka barabarani: "Mwenzangu, ni kweli baba mkwe wako kaiosha kompyuta ya ghalani kama sufuria?"

"Kaiosha?"

"Kwa tambara na maji! Mashine imezima, malori yamejaa mpaka nje ya geti. Wanasema mzee kachanganyikiwa."

Nikamjibu sijui, na kweli nilikuwa sijui. Jana baba alirudi mapema, akampita mjukuu wake aliyemnyooshea mikono, akaingia chumbani. Leo hakwenda kazini.

Baba mkwe wangu anapima mahindi kwenye ghala la kinu cha unga. Watu wanamwita Mizani, hata watoto. Alianza na mizani ya mawe, ya kuning'iniza. Ikaja yenye mshale, akajifunza. Ikaja ya namba zinazowaka, akajifunza. Kila mkono wake ukiizoea, wanaing'oa. Mwaka huu wakaleta ya kompyuta, maneno yote ya Kiingereza. Akaenda mafunzoni, akakaa benchi moja na vijana wanaomwita babu, na jioni anampakata mwanangu akimfundisha: "Sevu. Kanseli. Deliti." Mtoto anacheka, naye anacheka. Kusoma Kiingereza hawezi, ila yale maneno aliyajua kwa sura, kama unavyomjua mtu wa mtaani usiyemjua jina.

Nikampelekea chai, mtoto nimembeba. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda.

"Baba, huko nje wanasema..."

"Nimesikia. Mama Pacha akinong'ona hata viziwi wanageuka." Akaipokea chai, asiinywe. "Sikutia maji. Lilikuwa tambara kavu."

Nikakaa kwenye kigoda, nikamnyonyesha mtoto. Akiona siondoki huwa anaongea.

"Wamebadilisha tena," alisema. "Nimeenda mapumziko ya wiki, narudi nakuta maneno yote ya Kiswahili. Msimamizi anachekelea, 'Mzee, tumekurahisishia.' Kunirahisishia! Ile Deliti nilikuwa naijua, naikwepa kama mbwa mkali. Sasa jana unga umetanda kwenye kioo, sioni namba. Nimegusagusa, likatokea neno: Futa? Chini yake Ndiyo na Hapana. Nikasema, loo, hii mashine ina adabu, imejiona imechafuka. Nikabonyeza Ndiyo, nikachukua tambara nikakifuta mpaka kikang'aa."

"Halafu?"

"Halafu kiko safi kabisa, mwanangu. Hakuna hata namba moja. Hesabu ya mizigo yote ya tangu asubuhi imeondoka."

Kicheko kilinifika kooni. Nikamtazama usoni, kikarudi kilikotoka.

"Madereva wamerudishwa kupimiwa upya, gunia kwa gunia, wananitukana mbele ya vijana. Kama walitaka kusema tupa, si wangeandika tupa?"

Mume wangu alishamwambia asubuhi, "Baba, achana nao, kaa nyumbani umbembeleze mjukuu." Baba akamkata: "Nikichoka nitasema mwenyewe. Nimechoka kujifunza, sijachoka kufanya kazi." Kinachomuuma ni hiki: ghalani wanafunga mkanda wa kubebea magunia, unaoyapima wenyewe. Wapimaji wote wataondolewa, abaki mmoja wa kuutazama. Jumatatu msimamizi atamjaribu baba mbele ya kioo. Akikosea tena, anapewa ufagio.

Nikachukua simu yangu. Mimi niliiweka Kiswahili tangu nilipoinunua, maana ndicho nilichosomea mpaka darasa la saba. Nikafungua picha ya mtoto, iliyotoka sikio tu, nikagusa alama ya pipa. Simu ikauliza: Futa?

Baba akaruka. "Kumbe na humu limo!"

"Limo, baba. Humu hawamaanishi tambara. Ukikubali, kitu kinaondoka." Nikabonyeza Ndiyo, sikio likapotea. Akakodoa macho kama aliyeibiwa.

Tukafanya mazoezi. Simu ilikuwa imebakiza picha za mtoto tu, na hizo sikutaka kumpa azitupe, kwa hiyo nikawa naigiza mashine kwa mdomo.

"Samahani baba, ungependa kufuta?"

"Hapana, mwanangu."

"Shikamoo baba, tuhifadhi mizigo?"

"Marahaba. Ndiyo, hifadhi."

Hakukosea hata mara moja. Nikafurahi, nikamwambia Jumatatu atawaziba midomo. Yeye hakufurahi. Aliweka kikombe chini, chai imeshapoa, akakuna nyusi.

"Wewe hunijaribu. Ukiniambia samahani, najua kuna shimo mbele. Ukiniamkia, najua ni salama. Ile haina samahani. Inauliza neno moja, kama polisi, na nyuma yangu wote wananitazama."

"Sasa nifanyeje, baba? Siwezi kukuuliza hivyo."

"Najua huwezi. Umelelewa vizuri, ndiyo taabu yenyewe." Akageuka akakaa wima mbele yangu, mikono magotini, kama anavyokaa mbele ya kioo. "Mpe mtoto ziwa jingine atulie. Halafu naomba usiniite baba, usinichekee. Niulize neno moja tu, kavu, kama mtu asiyenijua."