Bafu la Sultani

Nilitaka sana kumpendeza Mzee Njoroge, baba wa mchumba wangu, siku tuliyokwenda kuona magofu ya Gedi kule pwani, sisi wageni kutoka Buruburu. Mwongoza wageni aliyetaka kututembeza nikamkataa.

"Mzee, historia ya huku naijua yote," nikajigamba, na bahari yenyewe nilikuwa nimeiona jana yake kwa mara ya kwanza.

Pembeni mwa kijiji kilicho jirani na magofu tukakuta kijumba cha mawe kisicho na paa. "Hapa ndipo Sultani alipokuwa akioga," nikatangaza. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa heshima. Mimi huyo, nikaingia nimwonyeshe ndani.

"Huna haya? Kuna mtu huku!" mama mmoja akapiga kelele, na kata ya maji ya sabuni ikanipata usoni.

"Samahani sana, mama," Mzee akasema kutoka nje. "Huyu si mtu wetu."