Mtihani kwa Shangazi Mwanaidi

Juzi hapa Mirdif, huku ng'ambo ninakofanya kazi za ndani, madam alitandaza vitabu sebuleni, anawachagulia watoto wake masomo, maana hawaendi shule, wanasomea nyumbani. Vitabu vipya vinanukia gundi, mimi harufu ile naipenda, sijui kwa nini. Akaniuliza, "Na wewe bibi, ulisomea wapi?" Nikacheka tu.

Mbona mimi nami nilisomea nyumbani, Tanga, kwa shangazi Mwanaidi. Nilipofika darasa la pili alisema nisiende tena, atanifundisha mwenyewe. Masomo aliyonichagulia yalikuwa kupiga pasi ya mkaa, kubeba sinia vikombe visigongane, na kuitika "abee" upesi.

Alasiri moja akaja mama mmoja mgeni, ananukia udi. Shangazi akaninong'oneza, "Leo mtihani. Usiniaibishe."

Nikapiga pasi shati, mkaa unatatarika, jasho linanidondoka. Yule mama hakuniuliza hesabu hata moja. Alinishika viganja, akavigeuzageuza.

"Anakula sana?"

"Huyu? Anadonoa kama kuku, dada."

"Basi ananifaa."

Leo najua alikuwa anatafuta mtumishi. Siku ile nilijua nimefaulu, nikavimba kichwa.

"Shangazi, sasa naingia la tatu?"

Mgeni alicheka mpaka mabega yakatikisika. Shangazi hakucheka, wala hakunitazama. Alikuwa anakunja nguo zangu moja moja, anazitia kwenye kikapu. Sare ya shule akaiacha msumarini.