Kidole Kimoja kati ya Weka na Futa

Wiki ile kompyuta ilifika katika zahanati ya kanisa kule Nunguni. Kamati ilikuwa imesema itakuja Ijumaa kumtazama karani akiandikisha wagonjwa kwa mashine, na akishindwa, ataletwa kijana kutoka mji wa Wote achukue kiti chake. Karani alikuwa rika la mama yangu, nami nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Na fomu ya kwenye skrini nilikuwa nimeichora mimi.

Nilikuwa na kidato cha nne na kozi ya miezi sita niliyofanyia mjini Sultan Hamud, katika chumba nyuma ya duka la vitabu. Nilishaota fomu zangu zikitumika kila hospitali ya Ukambani, basi hii niliipamba. Juu niliweka msalaba uliozungukwa na maua, na neno Karibu kwa herufi kubwa za buluu. Chini nikabana visanduku vya jina, ukoo, kijiji na ugonjwa. Mwisho kabisa batani mbili, Weka ya kuhifadhi na Futa, zimegusana kama watu kwenye benchi la kanisa. Mwalimu wetu alituambia skrini ni ndogo, tusiache mahali patupu.

Jumatatu Mwaitu aliandika wagonjwa sita, wanne wakapotea. Mkono wake ulikuwa haujazoea kipanya. Alilenga Weka, mshale ukateleza ukaangukia Futa.

"Umeninyima hata pa kukanyaga," aliniambia akicheka. Lakini niliona leso yake mapajani, ameikunja mara nne.

Kesho yake akaniita kwenye droo ya kadi za zamani. Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu, kwa hivyo ndugu watano wa boma moja huweza kuzaa wavulana watano wenye jina moja. Kadi za boma moja zilikaa pamoja, halafu pengo, halafu boma lingine. Mwaitu akaingiza kidole kwenye pengo. Kikaenea sawasawa.

"Miaka yote hii sijampa mtoto kadi ya binamu yake. Ni kwa sababu ya hapa pasipo na kitu."

Nikarudi kwenye mashine, nikamwomba aweke kile kidole juu ya kioo. Nikaivuta Futa mpaka kidole kikakaa katikati. Nikatenga jina na ukoo upande wao, ugonjwa upande wake. Sasa fomu ikaonekana vizuri, ila Weka ilikuwa imeshuka mpaka nje ya skrini, umebaki ukingo wake wa juu tu. Jumatano nzima nilisukuma vile visanduku. Nikipanua hapa, vinalaliana pale.

Alhamisi Mwaitu aliniletea chai akasimama nyuma yangu.

"Haya maua ni ya mgonjwa gani?"

Maua yale yalinichukua siku mbili, na mwenyekiti wa kamati aliyapenda, hasa ule msalaba. Nani anaondoa msalaba kwenye zahanati ya kanisa? Nilikunywa chai yote kwanza. Halafu nikafuta maua, nikafuta Karibu, nikafuta msalaba. Kila kitu kikapanda juu, Weka ikaonekana yote.

Ijumaa wazee watatu wa kamati waliketi nyuma yetu. Mwenyekiti akainama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Msichana, msalaba umeupeleka wapi?"

"Uko ukutani, mzee, juu ya kichwa chako," Mwaitu akasema bila kugeuka. "Hapa ni pa mgonjwa."

"Mbona imekaa wazi hivi? Kama kichwa changu," mwenyekiti akasema, akipapasa upara wake.

Wenzake wakacheka. Mimi sikuweza. Mama mmoja alisogea na mtoto mwenye kikohozi, Mwaitu akaandika polepole, herufi moja moja. Akaweka kidole juu ya kioo, kati ya zile batani, akasogeza mshale mpaka upande wa Weka. Akabonyeza. Visanduku vikawa vitupu, nami sikujua kama mtoto amehifadhiwa au amepotea.

Mwaitu akaandika jina lile upya, kulitafuta. Mtoto akarudi, na ukoo wake, na kijiji chake, na kikohozi chake.

"Yule kijana wa Wote aambiwe asije," mwenyekiti akasema, akitafuta kofia yake.

Mwaitu alikunjua leso, akajifuta mikono, akaita mgonjwa wa pili.