Shafti ya Mtihani

Mimi ndiye ninayefagia karakana ile, kwa hiyo haya sikuhadithiwa. Mtoto wa marehemu dada yangu alikuwa mwanafunzi wa ufundi pale: siku tatu kwenye mashine ya kukereza chuma, siku mbili chuoni. Wenzake walimwita Profesa, na si kwa mapenzi. Kila akirudi kutoka chuoni anakuta mashine yake imelundikiwa uchafu wa wote. Anasafisha, anaanza kazi. Ningekuwa mimi ningewatukana mpaka babu zao.

Siku ya mtihani alipewa kipande cha chuma akereze shafti, nondo ya mviringo ya kuingia kwenye tundu la beringi. Ikikaza mpaka igongwe kwa nyundo ya mbao, kazi ni yake. Ikilegea, hana kazi wala chuo. Na nyumbani tulimtegemea yeye, maana baba yake, shemeji yangu, alikuwa mkerezaji hodari palepale mpaka alipopofuka.

Sasa, chuma kikikerezwa kinapata moto, kinatanuka. Ukikipima hapohapo umejidanganya, kikipoa kimepungua. Profesa alilijua hilo vizuri. Alizima mashine kabla ya kumaliza, akasimama.

“Unangoja mchumba?” msimamizi akamuuliza.

“Nangoja ipoe, mzee.”

“Hapa si chuoni. Pima, umalize sasa hivi, au toka.”

Akapima, akamaliza. Msimamizi akaitumbukiza shafti majini, akaitia kwenye beringi. Ikapita moja kwa moja, ikaanguka sakafuni. Karakana nzima ikaangua kicheko, nami nikawalaani mmoja mmoja kimoyomoyo, washenzi wakubwa.

Msimamizi yeye hakucheka. Alimfunulia mtoto kiganja chake, chenye kovu la moto kutoka ukingo hadi ukingo. “Nilipokuwa mwanafunzi nilipima chuma cha moto. Baba yako akanishikisha chuma chenyewe. Msalimie. Mwambie mimi nimekuhurumia.”

Nyumbani tulimkuta shemeji kakaa mlangoni, kavaa shati lake la kutokea.

“Iliingia?”

“Iliingia, baba.”

“Kwa nyundo?”

Mtoto akainama kuvua viatu.

“Nakuuliza, kwa nyundo?”

“Hapana, baba.”

Shemeji akainuka. “Ulipima ikiwa ya moto. Mjinga gani alikufundisha hivyo?”

Nilifungua mdomo, mtoto akanibana mkono. “Ni uzembe wangu, baba.”

Haoni yule mzee, lakini kofi lake halikupotea njia. Mtoto wa watu akapepesuka mpaka ukutani, na baba mtu akaunyanyua mkono tena. Hapo uvumilivu ukanishinda.

“Msimamizi wetu anakusalimia, shemeji,” nikasema. “Kiganja chake kilipona.”

Mkono ukabaki juu. Kisha akaushusha, akapapasa kiti, akakaa.

“Kiganja cha kulia,” akasema.