Sauti Isiyo na Harufu

Juzi simu iliponisomea ujumbe wa mwanangu kwa sauti isiyo yake, niliikumbuka siku ile Kahama. Mama alikuwa amelazwa Mwanza, nami, mtoto nisiyeona, nilihisi wananificha msiba. Mjomba, mnunuzi wa dhahabu, alipiga simu hospitali, akanibandika sikioni kitu cha baridi kinachonuka jasho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Sauti ilikuwa yake, lakini harufu yake ya sabuni haikuwepo. Nikaona huu ni mzimu tu, na mzimu hauwezi kusali.

"Kama ni wewe, sema Baba Yetu."

"We mtoto, vocha inaisha!" mjomba alifoka.

Mama alisali huku akikohoa, mpaka amina. Nililia kwa furaha.

Ule ujumbe wa juzi sikuujibu. Nilimpigia mwanangu, nikamwambia, "Sali kwanza."