Meno ya Yudith

Sauti ya Yudith ilikuwa ikikufikia kabla hujaliona kanisa. Ukitokea barabara ya Kisiwani Jumapili asubuhi, ungali kwenye lile korongo la mchanga, unamsikia anapanda na ubeti wa pili na wengine wanakuja nyuma yake wakihema. Wazee waliochelewa waliongeza mwendo. Wale waliokuwa wanajitapa kwamba wameacha kanisa walisimama nje ya dirisha, wakijifanya wanasubiri bodaboda. Miaka kumi na minane aliimba hivyo, na katika miaka yote hiyo ni wachache mno waliowahi kuona meno yake vizuri.

Alikuwa ameshajizoeza. Akicheka, kiganja mdomoni. Akipigwa picha, anafunga midomo utadhani kaudhiwa. Akiimba, hapo ndipo palipokuwa pagumu, alikipandisha kitabu cha nyimbo hadi puani, ingawa nyimbo zote alizijua bila kusoma. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Si machafu, msije mkamsingizia. Yudith alipiga mswaki kuliko mimi na wewe. Ni maji. Kitongoji alikozaliwa, huku chini tambarare, watoto wote walikunywa maji ya kisima kimoja cha pampu, na meno yao yaliota na madoa. Kule juu milimani wanakunywa maji ya mto, meno yao meupe pee, basi wakishuka sokoni Same na tangawizi zao wanatutambua tukifungua mdomo tu: "Huyu wa tambarare!" Nasi tunawajibu kwamba wao wana matege kwa kupanda vilima. Tunacheka, yanaisha hapo hapo sokoni. Yudith peke yake ndiye aliyekuwa akirudi na utani ule nyumbani.

Mumewe Zebedayo, fundi baiskeli, mtu mpole wa maneno machache, alimwambia zaidi ya mara moja, "Mama Anold, mimi nilikuoa nikiyaona."

"Ulinioa gizani wewe," Yudith akamjibu. Wakacheka wote, yeye kiganja mdomoni.

Kisha kwaya ikaamua kutoa video. Sauti zilirekodiwa kwanza, studio, Moshi, chumbani, pasipo mtu wa kumtazama mwenzake. Yudith aliimba sehemu yake ya peke yake mara moja tu, na kijana wa mitambo akavua spika za masikioni akasema, "Hii imetosha, mama. Sigusi kitu." Alirudi kwenye basi akitabasamu peke yake hadi Same. Shida ilikuja wiki ya pili, siku ya kupiga picha. Walikodi gari wakapanda hadi kwenye miamba ya juu, sare mpya za zambarau, milima nyuma yao, kila kitu kimekaa sawa. Mpiga picha akamtazama Yudith kwenye kamera, akasogea karibu, akatazama tena.

"Huyu mama meno yake yatatuharibia," alimwambia Nathanaeli, mwalimu wa kwaya. Wala hakunong'ona. "Kamera hii haifichi kitu. Mweke nyuma. Mtafute mwingine afumbue mdomo tu, sauti si tunayo tayari?"

Nathanaeli alimfundisha Yudith tangu akiwa msichana. Alitazama viatu vyake, kisha akasema, "Careen, njoo mbele."

Careen alikuwa binti wa milimani, miaka ishirini na mbili, mzuri wa sura na mzito wa kufika noti za juu. Aliona aibu, mtoto wa watu. "Nisamehe, dada," alimwambia Yudith akipita. Akasimama mbele, akafumbua mdomo, na sauti ya Yudith ikatoka kwenye spika iliyowekwa juu ya jiwe. Yudith mwenyewe alikuwa mstari wa mwisho, pembeni kushoto. Ukiitazama ile video kwa makini utaliona bega lake.

Loo! Mtu anaweza kuvumilia utani miaka thelathini na tisa, halafu kitu kimoja tu kikammaliza. Wiki ile ile alikwenda kwa Dokta Tabasamu.

Jina hilo alijipa mwenyewe, kama alivyojipa na udokta. Alikuwa na chumba nyuma ya saluni ya wanaume, si mbali na stendi, ndani mna kiti cha kinyozi na picha kubwa ya mdomo wa Mzungu ukutani. "Nusu saa tu, mama, unatoka mpya." Hospitali ipo, na daktari wa meno yupo, Yudith alijua. Lakini hospitali kuna benchi la kusubiri, na kwenye benchi kuna majirani, wangemuuliza anaumwa nini. Angesema nini? Kwamba haumwi? Nampenda Yudith, lakini hapa sitamtetea: alikwepa kila mtu ambaye angeweza kumwambia aache.

Alipakwa kwanza dawa ya maji yenye harufu kali, ikamchoma fizi. Kisha ikaja mashine ndogo, ikasugua jino moja baada ya jingine, na joto likampanda hadi katikati ya macho. Alipouliza, mate yakimjaa mdomoni, kama ndivyo inavyokuwa, Dokta akacheka. "Uchafu wa miaka yote hiyo utatokaje bila kuuma?" Mwishoni akapewa kioo. Yudith alilia kwa furaha. Meupe! Alilipita soko zima akisalimia hata watu asiowajua.

Wiki tano alicheka mdomo wazi. Tuseme kweli, zilikuwa wiki nzuri. Jumapili aliweka kitabu chini na kuimba kichwa juu, na kanisa zima likaona. Zebedayo pekee ndiye ambaye hakushangilia sana. Alimpa hongera, kisha akasema kwamba yeye alikuwa ameshayazoea yale ya zamani. Yudith akamnunia siku mbili.

Kisha maji ya baridi yakaanza kumchoma. Yakafuata ya moto. Mwisho hata hewa, akivuta pumzi tu ili aimbe, alishika shavu. Akaacha makande. Mpare kuacha makande, jamani! Akawa mtu wa uji asubuhi na uji jioni. Siku moja alikuwa anatafuna chapati laini, akauma kitu kigumu, akadhani ni jiwe. Kilikuwa kipande cha jino lake. Kufika Ijumaa uso umevimba, jicho moja halifunguki, homa juu. Zebedayo aliazima pikipiki akampakia hadi hospitali.

Daktari wa meno, mama wa makamo, alimtazama mdomoni muda mrefu. "Nani kakufanyia hivi?"

Yudith akalitaja lile jina. Lilipotoka mbele ya yule daktari lilisikika la kijinga kabisa, akatamani ardhi ipasuke. Daktari hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alimweleza taratibu kwamba ile rangi haikuwa uchafu uliokaa juu, ilikuwa humo humo ndani ya jino. Kama ilimkera, zipo njia za kuifunika bila kuumiza kitu, angekuja wakazungumza. Sasa gamba la juu limesuguliwa lote na usaha umeshuka kwenye mizizi. Sita ya mbele hayaokoki. Na ya bandia yasubiri, kwanza fizi zipone na mfupa utulie.

"Kwa hiyo yale ya mwanzo," Yudith aliuliza, "yalikuwa mazima?"

"Mazima kabisa, mama. Ungezeeka nayo."

Neno hilo ndilo lililomliza njia nzima, si sindano wala koleo lililoyang'oa yale sita. Zebedayo alikwenda nyuma ya ile saluni akiwa na hasira ambazo hakuna aliyewahi kuziona kwake, akakuta chumba kimefungwa na mwenyewe kahama mji.

Wakati huo video ilikuwa imeshatembea. Watu walirushiana kwenye simu kuanzia Hedaru hadi Usangi. Careen akaalikwa harusi moja huko Mwanga aimbe wimbo ule jukwaani. Alijaribu, maskini. Katikati ya ubeti mzee mmoja akauliza, tena bila ubaya, "Sasa yule mwenye sauti yake yuko wapi?" Careen akakishika kipaza sauti na kusema mbele ya harusi nzima kwamba si yeye, ni dada Yudith, yeye alifumbua mdomo tu.

Ndiyo maana Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Nathanaeli alibisha hodi kwa Yudith. Alimkuta uani akichambua maharage, kitenge amejitanda hadi puani. Kwaya nzima iliambiwa ni malaria.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama Anold. Pole na homa." Akavuta kigoda, wala hakuzunguka. Usharika unafanya jubilii mwezi ujao, wageni watatoka mbali, na kamati imekaa. "Watu wamekataa mambo ya kufumbua mdomo. Wanakutaka wewe. Usimame mbele, na meno yako hayo hayo. Siku ile nilikosea. Ilikuwa nimwambie yule kijana akunje kamera yake aondoke, nami nikanyamaza. Nimekuja kukuomba radhi."

Yudith alimtazama mtu aliyemletea hadi uani kitu alichokililia maisha yake yote. Akaweka maharage kando. Kisha akateremsha kitenge.

"Mungu wangu," Nathanaeli akasema.

"Ngoja kwanza." Akasimama, akavuta pumzi, akauanza ule wimbo. Sauti ilikuwepo. Jamani, ilikuwepo yote, ikapanda kama siku zote, jirani akaacha kutwanga. Lakini maneno yalivunjika njiani. Ulimi ulitafuta pa kugusa ukakosa, upepo ukapita mahali pa herufi, na mate yakamtiririka kidevuni. Hakumaliza mstari wa kwanza. Alikaa, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

Nathanaeli alikuwa analia, mtu mzima na mvi zake. "Mama Anold, kwa nini? Nani alikwambia?"

Yudith alisema polepole ili asikike. "Ninyi mlinisikiliza miaka kumi na minane. Yule kijana wa kamera alinitazama mara moja tu. Nikamwamini yeye."

Akakipandisha kitenge tena hadi puani. Baadaye, Nathanaeli alipoinuka kuaga, Yudith alimwambia amlete Careen Jumatatu baada ya soko, yeye mwenyewe aanze kumfundisha ule ubeti, kwa sababu binti anavuta pumzi mahali ambapo hapatakiwi.