Jiko Lililotii Simu

Wanaume watatu walimpiga Sau Lin maishani mwake: baba yake, mumewe, na sasa Wai Keong, mwanawe, ambaye yeye alimbeba mgongoni akikaanga tambi kando ya soko la mji wa Ipoh. Wawili wa kwanza wamekwisha kufa. Wa tatu alimnunulia jiko.

Lilikuwa jiko la umeme la kioo, limezamishwa kwenye meza ya mawe ya jikoni. Karai la Sau Lin, lenye kitako cha mviringo, lilichezacheza juu ya kioo bila kushika joto, lakini hilo lilikuwa dogo. Jiko lile lilitii simu ya Wai Keong. Mama akimjibu vibaya asubuhi, mwana alibonyeza simu akiwa kazini, jiko likazimika, na mama wa miaka sitini na sita akashindia biskuti. Safari moja alishinda hivyo siku tatu. Mtu na mama yake mzazi! Laana gani hii?

Jumanne moja Sau Lin akamwita Selvam, fundi wa mtaani, amfungie jiko la gesi.

"Anti, mwanao anajua?"

"Atajua akisikia harufu."

Selvam aling'oa la kioo, akapanua tundu la meza kwa grainda, akapachika la gesi, akaunga mpira wa mtungi na kuupaka povu la sabuni. Hauvuji. Sau Lin akateleka karai, akamimina mafuta, akawasha. Moto ulipolikumbatia karai, alicheka peke yake kama msichana.

Kumbe simu ilikuwa imeshamwarifu Wai Keong kwamba jiko limekatwa. Aliingia anahema, akamtandika Selvam ngumi ya mdomo, jino likadondoka. Akamgeukia mama yake, akamzaba kofi na kumbamiza ukutani.

"Nani kakuruhusu, kizee wewe?"

"Nyumba hii niliijenga kwa tambi. Niombe ruhusa kwa nani?"

"Haya, tuone utapikia nini!"

Akanyakua kisu kikubwa cha kukatia kuku, akainama chini ya meza kuukata mpira wa gesi, na moto juu unawaka. Sau Lin aliona kwamba wote watatu watateketea. Akalibeba karai, akammwagia mafuta yale kwenye mkono wa kisu.

Ukelele wa Wai Keong ulisikika hadi barabarani. Mama akafunga mtungi, akamburuta mwanawe hadi kwenye bomba, akaushikilia mkono ule chini ya maji huku akipigwa mateke. Ngozi ilikuwa inabambuka. Sau Lin alilia kwa uchungu, lakini hakuuachia.

Selvam, mdomo umejaa damu, alikuwa ameshapiga simu hospitali.

"Anti, wanauliza imekuwaje. Niseme ajali?"

"Usiseme ajali. Miaka arobaini mimi nimewaambia nimeteleza bafuni. Waambie nimemchoma mwanangu, kwa mkono wangu."